Karai si Nyumba ya Samaki

Asubuhi ile pia Deusarina alianza siku kwa kuopoa samaki waliokufa.

Alichukua kichujio kikuukuu cha kahawa, akafunua tangi la kioo lililokuwa sebuleni, akaanza kazi. Walikuwa samaki wadogo sana. Hata kidole cha mwisho cha mtu mzima kiliwazidi urefu. Wakiwa hai, walikuwa na mstari wa buluu mgongoni na wekundu tumboni, wakimetameta. Wakifa, rangi yote ilipotea, wakabaki weupe kama vipande vya sabuni iliyokwisha. Aliwaopoa mmoja mmoja na kuwatia kwenye kopo. Maji yalikuwa na ukungu na yalinuka.

Deusarina alikuwa na hasira. Alilala nayo, akaamka nayo. Aliwakasirikia samaki kwa kufa. Alimkasirikia zaidi mumewe, Ocimar, kwa kuwaleta. Lakini kilichomuuma kuliko vyote kilikuwa nyuma yake, kwenye kitanda cha kuning'inia. Huko alilala mama mkwe wake, Firmina, ameelekea ukutani. Hakusema neno.

Mji mzima wa Barcelos ulimjua Mama Firmina kwa ulimi wake mkali. Maisha yake yote alivua samaki wa mapambo kwenye vijito vya msituni, ng'ambo ya mto Negro. Alipiga kasia, aliinama majini na wavu wake, na jioni alirudi akigombana na wanunuzi, na majirani, na hata jogoo. Kisha akateleza kwenye ngazi za gatini, akavunjika nyonga. Mfupa uliunga, lakini miguu haikurudi kama zamani. Tangu hapo vijito alivisikia tu kwa watu.

Ocimar, mwanawe wa pekee, alimpenda sana. Naye alikuwa mvuvi wa samaki hao hao. Alifikiri: kama mama hawezi kwenda kijitoni, basi kijito kije kwa mama. Kulikuwa na nyumba ya wageni iliyokuwa inafungwa. Akalichukua tangi lao la kioo, akaliweka mbele ya kitanda cha mama yake, kando ya dirisha la barabarani. Akatia mchanga, mawe mawili na pampu ndogo ya hewa yenye sponji.

Wazo lilikuwa zuri. Deusarina mwenyewe alilikubali. Mambo yaliharibikia kwenye idadi.

Ocimar alitia samaki kama anavyotia kwenye karai. Wavuvi wa huko huwasafirisha samaki kwenye makarai ya plastiki, mamia kwa mamia, wamebanana. Kwake yeye, hivyo ndivyo samaki wanavyokaa. Tena karai lililojaa ndilo linalopendeza. Na kulikuwa na jambo jingine. Sikukuu ya samaki ilikuwa inakaribia. Wakati huo mji mzima hugawanyika pande mbili: upande wa Kardinali, jina la samaki hawa wadogo, wenye rangi nyekundu na buluu, na upande wa Diski, jina la samaki bapa wa mviringo, wenye njano na nyeusi. Ocimar alikuwa Kardinali wa kuapa. Alitaka kila anayepita barabarani aone dirishani mwake wekundu na buluu hadi macho yamuume.

Siku ya kwanza Mama Firmina alifurahi kweli. Alimfokea Deusarina kwa kusimama mbele ya tangi. Alimfokea Ocimar kwa kuweka mawe vibaya. Alikula samaki wa mchuzi na unga wa muhogo, akaomba tena.

Haikupita wiki, samaki wakaanza kufa. Ocimar hakushtuka. Alisema hata kwenye karai hufa wawili watatu. Kila aliporudi msituni alikuja na wengine, akajaza nafasi za waliokufa. Nao wakafa.

Asubuhi moja Mama Firmina aliwatazama wakielea matumbo juu, akasema polepole, "Hata hawa wamechoka kukaa na mimi."

Akageukia ukutani. Tangu siku hiyo hakumfokea mtu. Uji wa ndizi ulikwenda ukarudi. Mkono wake ulikuwa umekonda hadi bangili ilikuwa inamvuka.

Sasa Deusarina alisimama na kopo lake. Ocimar akaingia kutoka gatini, miguu imelowa, amebeba karai. Ndani yake samaki walikuwa wanacheza.

"Hao unawapeleka wapi?" Deusarina aliuliza.

"Tangini. Si naona wamepungua?"

"Wamepungua kwa sababu wamekufa, Ocimar."

"Ndiyo maana naongeza."

Deusarina alimwonyesha kopo, karibu kabisa na pua yake. Alimwambia amechoka kuamka na kuzika. Alimwambia mama yake haoni samaki tena, anaona vifo tu, kila asubuhi, mbele ya kitanda chake. Ocimar naye akapanda mori. Alisema amevua samaki hawa tangu hajaota ndevu. Nani wa kumfundisha? Labda Deusarina, ambaye hata wavu hajui kuushika?

"Sawa," Deusarina alisema. "Basi mimi sikufundishi. Nakuletea wa kukufundisha."

Akatoka vilevile, kichujio mkononi.

Alikwenda nyumba ya tatu, kwa Zuleide. Zuleide alikuwa fundi cherehani. Zamani aliishi katika jiji la Manaus miaka mingi, akifanya kazi kwenye ghala linalosafirisha samaki wa mapambo. Aliwatunza, aliwatibu, aliwafunga kwenye mifuko ya safari. Chumbani mwake mwa kushonea alikuwa na tangi lake, na samaki wake walikuwa wazima miaka nenda miaka rudi. Tatizo lilikuwa moja. Zuleide alikuwa Diski. Mlango wake ulikuwa na bendera ya njano na nyeusi, na miezi ya sikukuu watu wa pande hizi mbili hawaazimani hata chumvi.

Zuleide aliinua uso kutoka kwenye kitambaa cha njano.

"Dada Zuleide," Deusarina alisema, "kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisaidie."

Zuleide alikitazama kichujio. Hakucheka. Aliuliza samaki ni wangapi.

"Ocimar anasema mia mbili. Mimi nimeshaopoa wengi sana, na bado wamejaa."

"Na tangi?"

Deusarina alipanua mikono kuonyesha urefu. Haikufika mbali.

Zuleide aliweka mkasi chini. "Mia mbili humo? Mumeo ni mzima?"

"Mzima. Ana kichwa kigumu tu."

Walipofika nyumbani, Ocimar alikuwa bado amesimama na karai lake. Aliuliza nani amemwalika Diski nyumbani kwake. Deusarina akajibu kwamba ni yeye, na kama hataki, atoke yeye Ocimar.

"Shemeji," Zuleide alisema, "mambo ya sikukuu tutatukanana uwanjani. Leo nimekuja kwa ajili ya mama yako. Niambie kitu kimoja. Kwenye karai, maji unabadilisha mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni. Kukiwa na joto, zaidi." Ocimar alijibu haraka, maana hilo alilijua kuliko jina lake.

"Na unawalisha nini?"

"Chakula kidogo sana. Wakati mwingine hatuwapi kitu. Wakishiba wanachafua maji, halafu wanak..."

Alinyamaza katikati ya neno.

"Malizia," Deusarina alisema. "Wanafanya nini?"

Ocimar alilitazama karai, kisha tangi.

Zuleide hakumwachia nafasi ya kutafuta maneno. Alimuuliza kama amewahi kupanda meli ya kwenda Manaus wakati wa sikukuu. Nani hajaipanda? Vitanda vya kuning'inia juu ya vitanda, miguu ya mtu usoni kwako, choo kimoja, na foleni yake. Watu huvumilia kwa sababu watafika.

"Sasa fikiria nahodha anakwambia meli haifiki," Zuleide alisema. "Mtaishi humo humo, na choo hakitafunguliwa tena. Hivyo ndivyo ulivyowafanyia hawa. Karai ni la safari. Tangi ni nyumba."

Kisha akaeleza, na aliongea kwa ukali, maana naye alikuwa ameanza kukasirika. Samaki anakula, kwa hiyo anakwenda haja. Haja hiyo inabaki mle mle majini anamopumua. Chakula kinachobaki nacho kinaoza. Vyote hivyo vinatoa sumu iitwayo amonia. Huioni kwa macho. Maji yanaweza kuwa meupe kabisa na bado yakaua. Mtoni sumu hiyo inachukuliwa na maji. Kwenye kioo haina pa kwenda.

"Na samaki wako, mbona hawafi?" Ocimar aliuliza.

Zuleide alisema tangi zuri lina wafanyakazi ambao hawaonekani. Ni bakteria wazuri. Wanaishi kwenye sponji na kwenye mchanga, nao huila ile sumu na kuigeuza kitu kisicho na madhara makubwa. Lakini hawazaliwi siku moja. Huchukua wiki kadhaa kuongezeka. Na wakiwa wachache, ukiwaletea haja ya samaki mia mbili, watashindwa.

"Basi ngoja niulize," alisema, akainama na kunusa maji. "Hili tangi linasafishwaje?"

"Nalisafisha mimi," Deusarina alisema, na alisema kwa kujivuna. "Kila Jumamosi. Namwaga maji yote. Sponji na mchanga naviosha kwa maji ya klorini mpaka vinang'aa."

Zuleide alifumba macho kidogo. "Deusarina. Kila Jumamosi unawaua wafanyakazi wote."

Halafu Ocimar akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyepata mwenzake wa kosa. Kwa Deusarina kilitosha. Masikio yalimwaka. Alikuwa amekuja na hasira zake zimepangwa vizuri, zote kwa mumewe, na sasa nusu yake ilimrudia mwenyewe.

"Cheka," alimwambia. "Mimi niliua nisiowaona. Wewe uliua unaowaona, na ukaenda kuleta wengine."

Ocimar aliacha kucheka.

Zuleide aliomba futi ya kupimia. Ocimar alileta ile anayotumia kurekebisha mtumbwi. Wakapima tangi: urefu sentimita sitini, upana thelathini, kimo thelathini na tano. Zuleide alizidisha urefu kwa upana, kisha kwa kimo, kisha akagawa kwa elfu moja. Zikapatikana lita sitini na tatu. Akatoa nafasi ya mchanga, mawe na ule mwanya wa juu. Zikabaki kama lita hamsini.

"Samaki mdogo wa aina hii, akishakua, mpe karibu lita tatu," alisema. "Hamsini gawanya kwa tatu. Hawafiki hata kumi na saba. Sponji yenu ni nzuri, kwa hiyo mkijitahidi kwa usafi, semeni kumi na wanane. Zaidi ya hapo, hapana."

"Kumi na wanane." Ocimar alilitamka kama mtu aliyetukanwa. "Si litakuwa tupu? Watu wakipita hapo dirishani watasemaje?"

Hapo Deusarina alifura.

"Watu gani, Ocimar? Tangi hili ni la watu au la mama? Mama yako anaisha hapo kitandani, mbele ya macho yako, na wewe unaogopa kuchekwa na wapita njia."

Hakupiga kelele. Lakini kila mtu alimsikia. Ocimar aligeuka akamtazama mama yake. Aliuona mgongo wake, mwembamba chini ya shuka. Mama Firmina hakugeuka, ila mkono wake ulikuwa umeacha kuchezea pindo la shuka. Alikuwa anasikiliza.

Ocimar aliweka karai chini. "Nianzie wapi?" aliuliza.

Wakaanza siku ile ile. Zuleide alisema hata hao kumi na wanane wasiingie kwa pamoja, maana wafanyakazi wa tangini hawapo tena. Waanze wanane. Wasiwe chini ya sita, kwa sababu samaki hawa ni wa kundi, na akiwa peke yake anaishi kwa hofu. Baada ya wiki kadhaa, wakiwa wazima, waongezwe watano. Kisha tena watano.

Waliobaki, pamoja na wa kwenye lile karai, Ocimar aliwapeleka kwenye makarai yake gatini. Wa tangini aliwaweka mbali na wengine. Huko aliwabadilishia maji asubuhi na jioni, kama anavyojua. Zuleide alimkataza kuwamwaga mtoni. Samaki aliyeugua tangini anaweza kuupeleka ugonjwa kwa walioko nje. Wakae wapone, kisha waende kwenye ghala la wanunuzi, kwa wenye nafasi.

Zuleide akakata kipande cha sponji ya tangi lake na kukileta kikiwa kimelowa. Kilikuwa kimejaa bakteria. Deusarina alikiona cheusi, mkono ukamwasha kukisugua. Zuleide aliona.

"Usiguse," alimwambia.

Kuanzia hapo Deusarina hakumwaga maji yote tena. Wiki za mwanzo alitoa kidogo karibu kila siku ya pili. Baadaye, robo tu, mara moja kwa wiki. Maji mapya ya bomba aliyaacha wazi ndooni kwanza, usiku kucha na zaidi, klorini itoke. Sponji aliikamua ndani ya yale maji machafu yaliyotolewa tangini, basi. Chakula walipewa kidogo, kiasi cha kuisha kabla kahawa haijapoa kikombeni.

Ocimar alinung'unika. Alisema wanane wanaonekana kama wamepotea. Siku moja alimfuata Zuleide na wazo lake: je, akiongeza samaki mmoja tu, diski mzuri, wa kujaza macho?

"Diski akiwa mdogo unamwona ni sarafu," Zuleide alisema. "Akikua ni sahani. Usimhesabu samaki kwa alivyo leo, mhesabu kwa atakavyokuwa. Diski mmoja anataka maji karibu ya tangi lako lote, na hapendi kukaa peke yake. Mimi ni Diski kufa na kupona, na nakwambia: usilete diski."

Ocimar alirudi nyumbani akisonya. Lakini hakuleta.

Asubuhi moja Deusarina alikwenda na kichujio, hakuopoa kitu. Kesho yake pia. Maji yakawa safi mpaka mchanga ukaonekana punje kwa punje. Wale wanane waliacha kujificha pembeni. Walianza kuogelea pamoja, wakigeuka kwa pamoja, na mstari wa buluu ukipita chumbani kama ulivyopita kwenye vijito vya msituni.

Deusarina hakusema lolote kwa mama mkwe wake. Aliogopa kusema. Lakini siku moja, akipitisha ufagio, aliona kuwa Mama Firmina amelala chali. Wiki iliyofuata alikuwa ameelekea upande wa tangi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu.

Siku chache kabla ya sikukuu, tangi likiwa limeshatimiza idadi yake, alikuja Nazareno, mvuvi mwenzake Ocimar, Kardinali kama yeye. Alibeba mfuko wa plastiki uliovimba hewa. Ndani yake kulikuwa na samaki kama sitini.

"Zawadi ya Mama Firmina," alisema. "Tangi lenu limepwaya, bwana. Linaaibisha upande wetu."

Ocimar aliupokea mfuko. Aliuinua kwenye mwanga. Wekundu na buluu vikawaka, na uchu ukamjaa machoni. Jikoni, Deusarina aliacha kukoroga uji. Alishika kichujio na kwenda mlangoni. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno.

"Ocimar."

Sauti ilitoka kitandani. Ilikuwa imekwaruza kwa kutotumika. Mama Firmina alikuwa ameinuka, ameshika kamba ya kitanda kwa mkono mmoja.

"Humo ndani wako kumi na wanane. Nimewahesabu asubuhi. Nimewahesabu tena sasa hivi. Ukiongeza hata mmoja nitashuka hapa, na miguu hii hii, nikutie wewe karaini."

Nazareno akaangua kicheko.

"Na wewe unacheka nini?" Mama Firmina alimgeukia. "Mfuko umeutembeza juani mchana huu. Baba yako alikufundisha kubeba samaki hivyo? Wapeleke ghalani kabla hawajakufa. Nyumba yangu imejaa."

Nazareno aliuchukua mfuko wake na kuondoka, kicheko kimemkauka. Ocimar alibaki ameinamisha kichwa kama mtoto, ila alikuwa anatabasamu chini chini.

"Na uji uko wapi?" Mama Firmina aliendelea, sasa akimtazama mkwe wake. "Wa jana ulikuwa umepoa. Tena unatia sukari kana kwamba unalisha nyuki. Hata kuopoa samaki unaopoa vibaya, nilikuwa nakuona."

Deusarina alirudi jikoni haraka, watu wasione macho yake. Alikitundika kichujio msumarini. Akamimina uji kwenye bakuli, wa moto, wa kutoa moshi.

"Unakuja, mama," alijibu.

Kisha akatia sukari nyingi kama jana, makusudi, ili kesho agombezwe tena.